Kilimanjaro Bila Kupanda Kibo: Majibu kwa Wanaotafuta Maporomoko ya Maji

Barua nyingi tulizopokea safari hii zimetoka kwa wasomaji wanaotaka kwenda Kilimanjaro bila kuupanda mlima wenyewe. Wanataka maporomoko ya maji, migomba, kahawa na hewa ya baridi, kisha warudi nyumbani na magoti yao salama. Nia hiyo ni njema, na kwa maoni yangu familia nyingi zingefaidi zaidi siku tatu za vijijini Marangu au Uru kuliko siku sita za kukitafuta kilele cha Kibo, chenye mita 5,895. Baadhi ya majibu ni marefu kuliko mengine, kwa kuwa maswali nayo hayakuwa na uzito mmoja.

Swali: Ndugu Mhariri, Desemba hii tunakusudia kuwapeleka watoto wetu Kilimanjaro. Mdogo ana miaka 6, na tutafuatana na mama mkwe wangu ambaye ana miaka 71 na anasumbuliwa na magoti. Nimesikia habari za maporomoko ya Materuni na yale ya Marangu. Twende wapi, na je, Desemba ni wakati unaofaa?
*Mama wa watoto watatu, Tabata, Dar es Salaam*

Jibu: Dada yangu, kwa msafara wa namna hiyo anzeni na Marangu. Maporomoko ya Kinukamori yako karibu sana na Marangu Mtoni, njia yake ni fupi, na kushuka hadi chini ni kwa ngazi ambazo mtoto wa miaka 6 atazimudu akishikwa mkono. Bibi anaweza kubaki juu, mahali ambapo maji yanaonekana na kusikika vizuri, bila kulazimika kuzihesabu ngazi hizo kwa magoti yake. Maporomoko haya si marefu, na aliyewahi kuona picha za Materuni huenda akayaona madogo. Lakini yana kivuli, yana mahali pa kupumzika, na yana hadithi ambayo watoto hawataisahau. Wenyeji husimulia kuwa msichana aitwaye Makinuka alipata mimba kabla ya kuolewa, akaja ukingoni mwa maporomoko kwa kuogopa adhabu ya jamii yake. Aliposimama pale aliibadili nia yake, akageuka ili arudi nyumbani, akakutana uso kwa uso na chui, akarudi nyuma kwa hofu na kutumbukia. Sanamu ya msichana na chui zimewekwa hapo hapo, kwa hiyo jiandaeni kwa maswali ya watoto njiani mkirudi.

Materuni ni jambo jingine. Kijiji hicho kiko Uru, kilomita 15 hivi kutoka Moshi mjini, na maporomoko yake, yanayokadiriwa kuwa na urefu wa mita 80, ndiyo yanayowaacha watu midomo wazi. Hata hivyo, gari likishawafikisha kijijini, mtatembea kwa miguu muda wa dakika 45 hadi saa moja, katika njia nyembamba inayofuata ubavu wa kilima katikati ya kahawa na migomba, na mwishoni mnashuka kwenye korongo lenye mawe yaliyolowa. Mtoto wa miaka 6 aliyezoea kutembea ataweza. Mama mkwe nisingempeleka. Gawaneni siku hiyo: mmoja wenu abaki naye kijijini, mahali panapopikwa kahawa, nao wengine waende wakarudi.

Kuhusu Desemba, kuna mambo mawili. La kwanza ni mvua za vuli, ambazo kwa kawaida hunyesha kati ya Oktoba na Desemba na kuyaongezea maji maporomoko, lakini pia huugeuza udongo mwekundu wa mlimani kuwa utelezi usiomheshimu mtu yeyote. Chukueni viatu vyenye soli za meno, si raba za kutembelea mjini, na mkataeni mtu atakayewaambia kuwa kandambili zinatosha. La pili, ambalo wageni wengi hulisahau, ni kwamba Desemba ndiyo mwezi ambao Wachaga wa Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma na kwingineko hurudi nyumbani kula sikukuu na jamaa zao. Mabasi hujaa, nyumba za wageni hujaa, na barabara ya Himo kwenda Marangu huwa na magari mengi kuliko siku nyingine zote za mwaka. Kateni tiketi mapema, na mkiweza mwende kabla ya tarehe 18 au mwanzoni mwa Januari. Kama ratiba ya shule ingewaruhusu kuchagua, ningewashauri Juni: masika yamekwisha kunyesha, mito bado imejaa, na njia zimeanza kukauka. Juni huwa na ukungu na baridi kali asubuhi, lakini sweta hutatua hilo.

Swali: Sisi ni vijana wanne wa Mombasa na tunataka kuvuka mpaka tuje kuogelea kwenye maporomoko ya Kilimanjaro na katika Ziwa Chala. Njia ipi ni rahisi, na kuna hatari gani?
*Msomaji wa Likoni, Mombasa*

Jibu: Ndugu zangu, njia iliyo rahisi ni ya Voi. Mnaweza kufika Voi kwa treni au kwa basi, kisha mkapanda matatu hadi Taveta, mkavuka katika kituo cha pamoja cha forodha cha Taveta na Holili, na kutoka hapo Himo ni mwendo mfupi, nayo Marangu iko juu yake tu. Kitambulisho cha taifa hakitoshi kuingilia Tanzania kama kinavyotosha kwenda Uganda au Rwanda. Njooni na pasipoti, na msiache nyumbani kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Suala la kuogelea lazima nilijibu kwa ukali kidogo. Maji ya maporomoko haya ni baridi kuliko mtu wa pwani anavyofikiri, na baridi ya ghafla hukata pumzi hata ya muogeleaji hodari. Mkiingia, ingieni taratibu, ukingoni, mahali ambapo mwenyeji amewaonyesha, wala msisimame chini kabisa ya maji yanayoanguka, kwa sababu maji hayo hushuka pamoja na mawe na vipande vya magogo. Jambo kubwa zaidi ni mvua ya juu. Mnaweza kuwa korongoni jua likiwaka juu ya vichwa vyenu, huku msituni, kilomita kadhaa juu yenu, mvua inanyesha kwa nguvu. Mto hujaa kwa muda mfupi sana. Dalili yake ni maji kubadilika rangi na kuwa ya kahawia, kuanza kubeba majani na vijiti, na mngurumo kuongezeka. Mkiona hivyo tokeni majini mara moja mpande juu, bila kusubiri kupiga picha ya mwisho, na mwongozaji wenu akisema tokeni msibishane naye.

Ziwa Chala ni zuri mno, na mpaka wa nchi zetu mbili unapita katikati yake, lakini nendeni kulitazama, msiende kuogelea. Ni ziwa la kreta, kuta zake ni za mwinuko mkali na kina chake kinazidi mita 90, kwa hiyo hakuna ufuo wa kukanyaga pale mtu anapochoka. Mamba waliwahi kumuua mwogeleaji humo mwaka 2002. Wapo watakaowaambia kuwa mamba wamekwisha. Mimi nisingeyaweka maisha yangu juu ya maneno hayo. Kama kuoga ndiyo nia yenu hasa, nendeni chemchemi za Kikuletwa katika Wilaya ya Hai, ambazo watu huziita Chemka. Maji yake ni maangavu na si ya baridi kali, ingawa mkondo unaotoka chemchemini una nguvu na haumfai asiyejua kuogelea.

Swali: Mwaka jana nilikwenda kwenye maporomoko fulani ya mkoa wa Kilimanjaro. Nililipa kwenye ofisi ya kijiji, kisha njiani vijana watatu wakanitaka nilipe tena, na nilipokataa wakanifuata mpaka chini. Je, utaratibu ukoje?
*Msomaji wa Singida*

Jibu: Pole sana kwa usumbufu huo. Maporomoko mengi yanayotembelewa kwenye miteremko ya chini yako katika ardhi ya vijiji, wala si ndani ya hifadhi, na kijiji kina haki ya kumtoza mgeni kiingilio kwa kuwa ndicho kinachotunza njia, ngazi na usafi. Kiingilio hicho kina stakabadhi. Ukishalipa na kupewa stakabadhi huna deni lingine isipokuwa ujira wa mwongozaji, ambao hupatanwa kabla ya kuondoka, kwa kutaja kiasi kamili, kwa mtu mmoja au kwa kundi zima, kwenda na kurudi. Ugomvi mwingi wa njiani huzaliwa na neno “utanipa chochote” linalosemwa asubuhi na kukumbukwa kwa tafsiri mbili mchana.

Vijana wanaokusimamisha waonyeshe stakabadhi kwa adabu, uwaambie kuwa umekwisha kupatana na mtu, na kama hawaachi, rudi ofisini ukamweleze mwenyekiti au mtendaji wa kijiji. Najua hilo linakula saa nzima ya likizo yako. Ndiyo maana napendelea mgeni aende na mwongozaji wa kijiji hicho hicho hata kama njia inajulikana, kwa sababu kijana aliyezaliwa hapo huwajua wenzake kwa majina na neno lake moja hufanya kazi kuliko mabishano yako kumi. Zaidi ya hayo, atakupitisha katikati ya vihamba vya watu kwa ruhusa. Njia zile zinakatiza kwenye mashamba ya ukoo, karibu na nyumba na makaburi ya mababu, na mgeni anayejipitia tu na kamera shingoni huonekana kama aliyeingia sebuleni bila kubisha hodi.

Swali: Ninawafundisha jiografia wanafunzi wa sekondari. Wananiuliza: barafu ya Kilimanjaro ikiisha, maporomoko ya Marangu na Materuni yatakauka? Ningependa niwajibu kwa uhakika kabla sijawapeleka kwenye ziara ya mafunzo.
*Mwalimu, Babati*

Jibu: Mwalimu, swali la wanafunzi wako ni zuri kuliko mengi tunayoulizwa na watu wazima, na jibu lake litawashangaza. Barafu kweli inakwisha: kati ya mwaka 1912 na 2007 asilimia 85 hivi ya eneo lililokuwa limefunikwa na barafu ilitoweka. Lakini maporomoko unayokusudia kuwaonyesha hayaishi kwa barafu. Sehemu kubwa ya barafu ya Kibo haigeuki hata kuwa maji ya mto, bali hupotea ikiwa mvuke kwa jua kali na hewa kavu ya kule juu, na kile kinachoyeyuka ni kidogo sana ukikilinganisha na maji yanayoshuka mlimani.

Maji yanatoka msituni. Wachoree ubaoni upande wa kusini wa mlima. Moshi mjini, kwenye mwinuko wa mita 800 na ushei, mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifikii milimita 1,000. Panda hadi mita 2,000 hivi, ndani ya msitu, nayo mvua inazidi mara mbili ya hiyo. Juu zaidi inapungua tena, na kule Kibo ni jangwa la baridi. Kwa hiyo ule mshipi wa kijani unaouzunguka mlima ndio unaopokea mvua, nao hauipokei kwa namna ya kawaida tu: miti imevaa ndevu za ukoga ambazo hunasa ukungu na kuudondosha chini tone kwa tone hata siku ambayo mvua haikunyesha. Udongo wa volkano ni wenye vinyweleo, hunywa maji hayo, huyashika, kisha huyatoa polepole kwenye chemchemi za chini. Waambie wanafunzi wako watazame maji ya Kinukamori wakati wa kiangazi: yanayoanguka mbele yao yalinyesha zamani, na yamekuwa yakisafiri chini ya ardhi.

Hofu iliyo sahihi basi ni juu ya msitu. Moto mkubwa uliozuka Oktoba 2020, na mwingine uliofuata Oktoba 2022, uliunguza uoto wa juu ya msitu ambao nao hukamata ukungu, na mioto ya miaka mingi imekuwa ikiushusha mpaka wa juu wa miti. Msitu wenyewe uliingizwa katika eneo la Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005. Kabla ya hapo hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilihusu sehemu za juu tu.

Usiwarudishe wanafunzi bila kuwaonyesha mfongo. Mifongo ni mifereji ya umwagiliaji ambayo Wachaga waliichimba tangu kabla ya ukoloni, kwa majembe na kwa jicho tu, bila vifaa vya kupimia, na maji yakafuata ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo kiasi kwamba mtu akisimama pembeni huona kama yanapanda. Banio lake mtoni hujengwa kwa mawe, magogo, vigogo vya migomba na udongo, ili mafuriko yakija yalibomoe banio na kuliacha shamba. Maji huendeshwa kwa zamu baina ya nyumba na nyumba. Hii pia ni sababu ya baadhi ya maporomoko kuonekana membamba Januari na Februari: mbali na kiangazi chenyewe, sehemu ya maji imegeuzwa juu kuelekea mashambani. Waambie wanafunzi wasikanyage kingo za mfongo wanapopita, maana kingo ni udongo mtupu, na mahali palipobomolewa na kiatu cha mgeni maji hutorokea kwa jirani asiye na zamu.

Swali: Mimi ni Muislamu na nimealikwa na rafiki yangu wa chuoni kwenda kwao Uru. Nasikia mgeni hupewa mbege. Nikikataa nitaonekana nimewadharau wenyeji wangu? Na hiyo kahawa ya Materuni ina nini cha ajabu?
*Mwanafunzi, Unguja*

Jibu: Hutaonekana hivyo hata kidogo. Mbege ni pombe ya ndizi mbivu na ulezi, hunywewa kwa kata inayopita mkono kwa mkono, na ina nafasi kubwa katika harusi, matanga na mapatano. Lakini Wachaga Waislamu ni wengi, na hata miongoni mwa Wakristo wako wasioigusa. Ipokee kata kwa mikono miwili, mpitishie jirani yako, useme asante. Mwambie rafiki yako mapema ili mama yake akuandalie mtori, ile supu ya ndizi, au chai. Kuhusu nyama, uliza nani amechinja, na uulize bila haya, kwa kuwa wamezoea kuulizwa.

Kahawa haina ajabu isipokuwa kwamba utaiona ikianzia kwenye mti na kuishia kikombeni kabla jua halijapinda. Buni zilizokauka hutwangwa kwenye kinu, watu wawili wakipokezana mchi kwa wimbo, hupepetwa kwenye ungo hadi maganda yote yaruke, kisha hukaangwa kwenye chungu huku mtu akikoroga bila kupumzika, maana dakika moja ya uzembe huziunguza upande mmoja. Zikiwa nyeusi na kuanza kutoa mafuta, hurudishwa kinuni, hutwangwa tena, huchekechwa na kuchemshwa. Mtu wa Unguja aliyezoea kahawa chungu ya barazani ataiona nyepesi. Wakulima wa kahawa wa mlima huu walianza kujiunga pamoja tangu mwaka 1925, na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933, kwa hiyo ukimkuta mzee anayependa kuzungumza, mwulize bei ya kahawa ya ujana wake, kisha kaa chini, kwa sababu jibu halitakuwa fupi.

Swali: Je, tunaweza kuingia ndani ya hifadhi kwa siku moja tu, bila kulala?
*Wanandoa, Kahama*

Jibu: Mnaweza. Kutoka lango la Marangu hadi kituo cha Mandara, kilichoko mita 2,700 hivi, ni kilomita 8 za njia nzuri ya msituni, saa tatu kwa mwendo wa kawaida, na kutoka hapo robo saa zaidi huwafikisha kwenye kreta ya Maundi ambako mtazamo hufunguka upande wa Kenya na upande wa vilele. Njiani tazameni juu mitini, mbega weusi wenye mikia myeupe hawana haraka na watu. Mtatakiwa kuwa na mwongozaji, malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu, na raia wa Afrika Mashariki hutozwa kiwango cha chini sana kuliko wageni wa mbali, ilimradi waonyeshe vitambulisho. Ingieni mapema, saa mbili asubuhi ikiwezekana, kwa sababu mvua ya msituni hupenda alasiri.

Swali: Nimekwenda Moshi mara mbili na sijawahi kuuona mlima. Nakosea wapi?
*Msomaji wa Mtwara*

Jibu: Hukosei, mawingu ndiyo yenye zamu. Jua likishapanda, unyevu wa msituni hupanda nalo na kuufunika mlima, mara nyingi kabla ya saa nne asubuhi, na hufunguka tena jioni jua linapokaribia kuzama. Mgeni anayefika kwa basi la mchana, akala, akapumzika, kisha akatoka kuutafuta mlima saa tisa, anatafuta katika saa mbaya kuliko zote. Januari na Februari ndiyo miezi yenye anga safi zaidi, ingawa, kama nilivyomweleza Mwalimu wa Babati, maporomoko huwa membamba wakati huo, na itabidi uchague lipi unalipenda zaidi. Kwa vyovyote vile, weka kengele ya simu saa kumi na mbili kasoro asubuhi. Mlima uko kaskazini mwa mji. Ukipanga chumba Moshi, omba cha ghorofani kinachotazama upande huo, na ufungue pazia ukiangalie kabla ya kulipa, kwa sababu vyumba vingine vinavyosifiwa kuwa vya “kuona mlima” dirisha lake linatazama tangi la maji la jirani.